Uso wa Meza ya Marui

Mimi na kaka yangu tuna karakana ya samani Kibaha. Aliianzisha baba, akatuachia. Kaka anakata na kuunga, mimi namalizia: msasa, rangi, vanishi, polishi. Hiyo ndiyo kazi yangu tangu nilipomaliza shule, na naiweza. Nasema hivyo mapema kwa sababu nilichokifanya kwenye meza ya yule bibi wa Marui sikukifanya kwa kutojua kazi.

Aliyetuletea kazi ile alikuwa mama mmoja fundi cherehani, jirani yetu pale mtaani. Mama yake mkubwa, bibi mjane anayeishi Marui, alikuwa na meza ya kuandikia ya marehemu mumewe. Mchwa walikuwa wameila miguu miwili, ikawa imeinamia upande mmoja, na droo zake nyingine zilikuwa hazina hata sakafu. Bibi alitaka isimame tu, kama zamani. Jirani alisema mama yake mkubwa amekaa miezi mitatu akikataa meza itoke ndani, ndipo siku moja akapiga simu mwenyewe na kusema waje waichukue.

Tuliifuata Jumatatu, kwa kirikuu, kigari cha mizigo cha kukodi. Tulipoingia sebuleni kaka akachuchumaa mbele ya ile meza, akapitisha kidole kwenye viungo vyake. Ilikuwa mninga mtupu. Kulia droo tatu, kushoto droo tatu, katikati nafasi ya magoti, vishikio vya shaba vilivyokwisha kuwa vyeusi. Juu yake kwa nyuma palikuwa na rafu yenye vijumba vidogo vya kuwekea barua. Hapakuwa na msumari hata mmoja, kila kiungo ulimi na tundu, na vigingi vya mbao. Marehemu alikuwa karani wa ofisi moja ya serikali, na ofisi ilipobadilisha samani, ile meza iliwekwa nje pamoja na makabati mabovu, naye akainunua, akaja nayo nyumbani.

Tulipokuwa tunaitoa, bibi alisimama mlangoni. Mwanamke mrefu, mkavu, kanga mabegani, jicho moja lina weupe wa mtoto wa jicho. Mimi nilikuwa nimeshika kamba, nasaidiana na kaka kuifunga rafu isichomoke. Bibi akanyoosha mkono kuelekea meza, akasema, "Huku juu msiguse."

Nikamwambia sawa bibi. Kwa akili yangu wakati ule, juu ni rafu. Ndiyo niliyokuwa nimeishika, ndiyo iliyokuwa juu. Sikumwuliza. Nimejiuliza mara nyingi baadaye kama kweli sikuelewa, au nilichagua kuelewa vile ilivyonifaa.

Karakana wiki ile ilikuwa imejaa. Tulikuwa na meza nane za ofisi moja mpya kule Kwala, zilitakiwa Alhamisi. Meza nyeupe za ubao wa kiwandani, miguu ya chuma nyembamba kama ya ndege, tundu moja la duara la kupitishia nyaya, basi. Hakuna droo. Tulipoiweka meza ya bibi katikati ya zile nane, ilikuwa kama mzee aliyeingia kwenye chumba cha usaili.

Niliziangalia pamoja nikamkumbuka baba. Nilipokuwa mdogo alitengeneza meza za makarani zenye droo za kufungwa kwa ufunguo, na kila mteja swali lake la kwanza lilikuwa juu ya kitasa. Baadaye wakaanza kutaka uso wa fomaika, unaopanguswa kwa kitambaa kibichi, wenye ukingo wa bati la kung'aa. Zikaja kompyuta, zile kubwa zenye kisogo, na baba akalazimika kurefusha kina cha meza na kuweka ubao mdogo wa kuvuta, wa kibodi. Alinung'unika sana kuhusu ule ubao, akisema mtu anaandikia mapajani. Sasa kompyuta zimekuwa nyembamba na meza zimekuwa nyembamba, na hakuna anayeulizia kitasa.

Jumanne kaka alimaliza miguu. Alikata ile iliyoliwa, akaunga mninga mwingine kwa ulimi kama wa mwanzo, kiasi kwamba hata mimi ilibidi nitafute kiungo. Droo nazo akazitia sakafu mpya. Jumatano asubuhi akaenda kununua skrubu za meza za Kwala, nikabaki peke yangu na mashine ya msasa, nimetoka kusawazisha kingo za meza hizo.

Uso wa meza ya bibi ulikuwa mweusi kama makapi ya chai. Vanishi ya zamani, nene, imepasukapasuka. Kulikuwa na duara za vikombe, na upande wa kushoto kumechakaa kumejaa mikwaruzo, kama kuku walikuwa wakipekua pale. Na chini ya uchafu wote ule nilijua kuna mninga. Mtu wa kazi yangu akiona hivyo mikono inamuwasha.

Niseme ukweli. Hakuna aliyenituma. Nilijiambia namfanyia bibi hisani, lakini nilichotaka ni picha. Mimi huwa naweka kazi zangu mtandaoni kwa simu, picha mbili bega kwa bega, kabla na baada, na wateja wengi wananipata kwa njia hiyo. Meza kama ile ingenipa picha ambayo sijawahi kuwa nayo. Basi nikapiga picha ya kwanza, mlango uko wazi na jua la asubuhi linaingia kwa ubavu. Halafu nikawasha mashine.

Ilikuwa kazi nzuri, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Weusi uliondoka kama ganda la muhogo, mninga ukatokea mwekundu wa dhahabu, mistari yake inapinda. Nilipitisha msasa mkali, wa kati, mlaini. Saa sita nilikuwa nimepaka mkono wa kwanza wa vanishi, saa tisa ukawa umekauka juu juu, nikapiga picha ya pili. Nikakaa kwenye kigoda kuziunganisha.

Ile programu ya simu inakutaka uvute picha mpaka zilingane. Nikaivuta ile ya kwanza. Nikavuta zaidi. Upande wa kushoto, pale kwenye mikwaruzo, jua la ubavu lilikuwa limejaza vivuli vidogo ndani ya kila mkwaruzo, nikaona herufi.

Mwanzoni niliona m na a. Kisha neno zima: maji. Juu yake, limepandana nalo, maji tena. Pembeni, dirisha. Maneno yalipanda juu ya maneno, mengine yamepinda, herufi kubwa na ndogo zimechanganyika kama za mtoto anayejifunza kuandika. Hayakuchongwa. Yalikuwa yamebonyea kwenye vanishi, kama mtu alikuwa akiandika kwenye karatasi moja iliyolazwa pale, na kalamu akaikandamiza kwa nguvu zake zote.

Nikainuka nikaenda kwenye meza. Nikapitisha kiganja. Laini.

Kaka aliporudi nilimwonyesha picha, nikamweleza. Alitazama simu muda mrefu, akatazama meza. Akauliza bibi alisema nini siku ile, nikamwambia. Akasema hata yeye alielewa ni rafu. Sijui kama ilikuwa kweli au alisema kunitua mzigo.

Nikampigia jirani yetu fundi cherehani. Sikumwambia kitu. Nilimuuliza tu, kwa njia ya mazungumzo, habari za marehemu na meza yake. Akanisimulia kwa moyo mweupe. Marehemu alipooza upande wa kulia, sauti ikaondoka kabisa. Miaka miwili ya mwisho alikuwa akikalishwa pale mezani kutwa, anaandika kwa mkono wa kushoto anachotaka, mkewe anasoma. Karatasi zile bibi alikuwa akiwashia moto, hakuna aliyefikiria kuziweka. "Sasa mama mkubwa ameshajizoesha," akaniambia. "Asubuhi akishaswali anakaa pale, anapapasa. Kila siku ananiuliza meza inarudi lini."

Nikamjibu Jumamosi. Nikakata simu.

Alhamisi tulipeleka meza Kwala. Nilizipanga na kuzifuta huku kichwa hakipo. Ofisa kijana aliyetupokea alizikagua kwa haraka, akazisifia kwa kuwa hazina droo, akasema kila kitu chao kiko kwenye kompyuta na droo zinafuga takataka. Njiani kurudi, kaka akaanza kuongea mambo aliyokuwa ameyafikiria.

Alisema bibi haoni vizuri. Alisema picha tunayo, imetoka safi, na vanishi tunayo. Tukipaka nyingine nene, ikakauka nusu, tukalaza karatasi, mtu mwenye mkono mzuri anaweza kurudisha kila neno mahali pake. "Na mkono mzuri ni wako," akasema.

Nilimwambia huo ni uongo. Akaniuliza ukweli utamfanyia nini bibi. "Ukimwambia, unajitua wewe," akasema. "Yeye unamtwisha."

Ijumaa asubuhi nilichukua kipande cha mninga kilichobaki kwenye ile miguu, nikakipaka, nikasubiri. Nikaweka simu mbele yangu, nikalaza karatasi, nikashika kalamu ya wino kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia maneno yalikuwa yanatoka mazuri mno. Nikaandika maji. Nikaandika dirisha. Ilibidi nikandamize mpaka bega likauma, maana mkono wa kushoto ulikuwa unateleza. Jasho likanitoka kwa maneno mawili. Nilipoinua karatasi, yalikuwa yale yale. Hata ile d iliyoanguka kwa nyuma ilikuwa ile ile.

Kaka akaja akasimama nyuma yangu. Akasema hata mwenyewe angefufuka asingetofautisha.

Labda kama asingesema hivyo ningeendelea. Nilikitazama kile kibao nikaogopa. Nilikuwa nimejua, kwa bega langu, ni kazi gani yule mzee alikuwa akifanya ili apate kikombe cha maji, na mimi nilikuwa napanga kumuigizia mbele ya mkewe. Nikachukua msasa nikafuta yale maneno mawili. Nikamwambia kaka nitasema mwenyewe, yeye asiseme chochote. Alirudi kwenye kazi zake na hatukuzungumza tena siku ile.

Jumamosi tulifika Marui karibu saa nne. Njia nzima kutoka Kisarawe mjini nilikuwa napanga maneno. Nilikusudia kusema kabla meza haijashuka, ili kama ataikataa tuirudishe ilivyo. Bibi alikuwa amekaa barazani akitusubiri. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitika marahaba, akauliza habari za njiani. Nikamwambia nina neno kabla hatujashusha. Akasema tushushe kwanza, jua kali, neno halitaharibika. Kaka alikuwa ameshafungua kamba.

Tukaiingiza sebuleni, pale pale ilipokuwa, alama za miguu bado zipo sakafuni. Kaka akaitikisa kumwonyesha haichezi. Bibi akasogeza kiti chake mwenyewe, akakaa, akaweka kiganja juu ya meza upande wa kushoto.

Nikaanza kusema, "Bibi," na hapo hapo nikanyamaza, kwa sababu mkono wake ulikuwa umeanza kutembea. Ulikwenda kushoto mpaka ukingoni. Ukarudi. Ukaenda kulia, ukashuka, ukapanda kwenye rafu, ukarudi tena pale ulipoanzia, kama mkono wa mtu aliyeangusha sindano. Alitumia vidole, akabadili, akatumia kucha.

"Ziko wapi?" akauliza.

Kaka alifungua mdomo. Nikamtangulia. Nikamwambia nimeziondoa mimi, kwa msasa, peke yangu, na kaka hakuwepo. Nikamwambia siku ile aliposema tusiguse juu, nilielewa ni rafu.

"Rafu?" Aligeuza uso kuitazama, kwa lile jicho zima, kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Rafu ina nini?"

Nilisikia aibu ambayo siwezi kuieleza. Ningeweza kuishia pale, kwenye kutoelewana, na ingetosha. Lakini alikuwa bado ananitazama, nikamwambia na lililobaki: kwamba hata bila maneno yake sikuwa nimetumwa kuugusa uso wa meza, kwamba nilitaka ipendeze nipige picha niwaonyeshe watu.

Nje kuku walikuwa wanaparua kwenye majani makavu ya mkorosho, nikawa nawasikiliza hao. Kaka alikuwa ameinamisha kichwa. Bibi mikono yake ameilaza mezani yote miwili, haitembei tena.

Baada ya muda nikamwambia kwamba picha ya kabla ninayo, na maneno yanasomeka. Akasema nisome. Nikatoa simu, nikasimama karibu naye, nikasoma kwa sauti. Maji. Dirisha. Maji. Mto. Kisha lilikuwepo neno lililoandikwa mara nyingi kuliko mengine, limerundikana mpaka limekuwa kama kidonda, nikalisoma, "Umelala."

"Umekula," akanisahihisha.

Nikavuta picha. Ilikuwa k kweli.

"Kila mchana," akasema. "Mimi ndiye namlisha, kijiko kwa kijiko. Akimaliza anaomba kalamu, ananiuliza mimi kama nimekula. Namwambia nimekula. Kesho anauliza tena." Nikataka kuendelea na mstari wa chini, akainua mkono. "Basi. Zima."

Nikamwambia naweza kuichapisha picha ile kubwa, ikawekwa kwenye fremu, nitaleta mwenyewe. Akasema picha hawezi kuipapasa.

Kisha akanigeukia. Sauti yake haikupanda. "Wengine wangekwambia si kitu, mwanangu, yameshapita," akasema. "Mimi sikwambii hivyo. Ni kitu."

Nikamwambia najua bibi. Akamwita kaka, akamwomba ainamishe meza aone miguu. Akapapasa kiungo kimoja kimoja, akamshukuru kwa kazi yake, akamwombea kwa Mungu ampe nguvu. Kwangu hakusema la zaidi. Alitusindikiza mpaka barazani kama mtu anavyosindikiza wageni wowote, akarudi ndani, na kabla gari halijawaka nilisikia kile kiti kikiburutwa kutoka mezani kwenda mahali pengine.

Tukarudi mpaka tukaikuta lami. Ndipo kaka akasema, bila hasira, "Ungenisikiliza, saa hizi angekuwa amefurahi." Na mimi nilikuwa nimefikiria hivyo hivyo tangu tulipoondoka. Hata leo sina hakika. Najua tu nisingeweza kukaa mtaa mmoja na yule jirani, nikisikia kwamba kila asubuhi mama yake mkubwa anapapasa mwandiko wa mkono wangu.

Jirani yule aliambiwa, bila shaka. Hakunigombeza. Aliacha tu kupita mbele ya karakana yetu, akawa anazungukia njia ya dukani, na nilipokutana naye aliitikia salamu na kuendelea na safari. Picha zile mbili sikuziweka popote. Ile ya pili niliifuta. Ya kwanza ninayo bado.

Masika yalipoingia, simu iliita asubuhi moja, namba nisiyoijua. Alikuwa bibi mwenyewe, kwenye simu ya mtu. Akasema droo ya katikati upande wa kushoto imevimba kwa unyevu, haitoki, na ndani kuna vyeti vya marehemu. Nikamwambia namtuma kaka, yeye ndiye wa droo. Akasema, "Njoo wewe."

Nilikwenda kesho yake, peke yangu, na randa ndogo ya baba kwenye mkoba. Meza ilikuwa pale pale, na kiti kilikuwa kimerudi mbele yake. Sikuuliza. Niliivuta ile droo taratibu, nikiitikisa huku na huku mpaka ikakubali, nikampa vyeti vyake mkononi, nikaitoa droo barazani. Kabla sijaiwekea randa nilimwambia nataka kupunguza ubavu huu, chini hapa, unene wa kucha tu. Nikamshika mkono nikamwekea kidole mahali penyewe. Akapapasa, akasema haya.

Akavuta kigoda akakaa mbele yangu, karibu sana, magoti yetu yanakaribia kugusana. Mvua ilikuwa inanyesha kidogo. Nikapitisha randa mara moja, nikasimama, akapapasa. Nikapitisha tena. Hakuondoa macho mikononi mwangu hata nilipoinuka kwenda kuijaribu na kurudi nayo, na mimi sijawahi kuogopa ubao kama nilivyouogopa ule. Mara ya nne akaweka kiganja, akakiacha pale.

"Hapo inatosha," akasema. "Usiongeze."